Mawaziri wa kwanza na kiti cha mwenyekiti

Barabara ya Kawawa inatoka Morocco, inapita Kinondoni na Magomeni, inashuka hadi Chang'ombe, Temeke. Wengi tunaopanda daladala humo tunamjua Rashidi Kawawa kama Simba wa Vita. Wachache wanakumbuka kwamba uwaziri mkuu wake wa kwanza haukutimiza mwaka, na ulipokwisha, cheo chenyewe kilifutwa.

Ukitaka kuelewa sababu, usihesabu mawaziri. Tazama nani anaongoza kikao.

Julai 1959 Gavana Richard Turnbull aliwaingiza wawakilishi watano wa kuchaguliwa katika Baraza la Mawaziri: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Waafrika watatu, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja. Hesabu ileile ya kura tatu, ile iliyomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, imepunguzwa makali kidogo tu. Viti saba vilivyobaki vilikuwa vya maofisa wa serikali ya kikoloni, na mwenyekiti alikuwa Gavana. Nyerere mwenyewe alikaa nje, na kwa maoni yangu alikaa vizuri: waziri wa aina hiyo hubeba lawama za uamuzi ambao hana nguvu ya kuuzuia.

Uchaguzi wa 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Septemba Nyerere akawa Waziri Kiongozi, lakini Gavana hakuondoka mezani. Kiti cha mwenyekiti kilihama tarehe 1 Mei 1961, siku ya madaraka ya ndani, Nyerere alipokuwa Waziri Mkuu. Sherehe za uhuru za Desemba 9 katika Uwanja wa Taifa, Temeke, ndizo zinazokumbukwa. Kwa anayesoma katiba, Mei ina uzito wake.

Januari 22, 1962, Nyerere alijiuzulu ili akakijenge chama, akamwachia Kawawa. Desemba 9 mwaka huohuo nchi ikawa Jamhuri. Rais alichukua uongozi wa baraza, Waziri Mkuu akakosa kazi, na Kawawa akawa Makamu wa Rais.

Cheo kilirudishwa 1972, na aliyekikalia alikuwa Kawawa yuleyule. Uenyekiti haukurudi naye. Mpaka leo, kwa ibara ya 54 ya Katiba, Rais ndiye anayeongoza mikutano ya Baraza la Mawaziri. Waziri Mkuu huiongoza pale tu Rais na Makamu wake wasipokuwepo.