Peugeot 504: Mkongwe Asiyetaka Kustaafu

Magari mengi ya fahari yamepita barabarani na kusahaulika, lakini Peugeot 504 lingali likitajwa kwa heshima katika nyumba nyingi za Afrika. Lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 likatunukiwa tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hata hivyo, sifa yake kubwa ililipata kwenye vumbi na mashimo ya bara hili. Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari mwaka 1975.

Lakini baba mwenye watoto sita hakununua gari kwa ajili ya mashindano. Yeye aliitamani ile stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, ambayo huko Senegal teksi zake ziliitwa kwa jina lenye maana ya “nafasi saba”. Nyuma ilikuwa na ekseli ngumu na springi mbili kila upande, hata magunia ya mahindi hayakuikalisha chini.

Siri yenyewe imo katika injini. Silinda zake ni slivu zinazozungukwa na maji, ambazo fundi huzichomoa na kutia nyingine pamoja na pistoni mpya. Hivyo injini iliyochoka haikuhitaji kupelekwa mjini kuchongwa bloku. Ilifufuliwa chini ya mwembe. Kwa askari anayehamishwa kutoka kituo hadi kituo pamoja na mke, watoto na vyombo vyote vya nyumbani, hilo si jambo dogo.

Haifai, lakini, kulisifu kupita kiasi. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na dereva anayepuuza maji ya rejeta aweza kuipinda kwa safari moja tu. Hapo ndipo karo ya watoto inapoishia mfukoni mwa fundi! Maji na yatazamwe kila alfajiri, injini ikiwa bado baridi.

Ufaransa iliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, ingawa nchini Kenya magari hayo yaliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004. Anayetaka kununua moja leo asihadaiwe na rangi mpya. Ainame atafute kutu chini ya milango. Kisha, injini ikiwa baridi, afungue kifuniko cha rejeta na kuiwasha. Maji yakitoa mapovu mfululizo, afunge pochi yake aende zake.