Je, Wajua? Sikio la Mbwa Hufichua Upele

Sugua ukingo wa sikio la mbwa mwenye upele. Mara nyingi mguu wake wa nyuma utaanza kujikuna wenyewe, tena hewani! Madaktari wa mifugo hutumia jaribio hili kumtambua mgonjwa.

• Anayemwasha ni utitiri, kidudu asiyefika hata nusu milimita. Jike huchimba handaki ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Yai huwa utitiri mzima kwa takriban wiki 3. Ndiyo maana dozi moja mara nyingi haitoshi.

• Utitiri huyo huhamia kwa watu. Mtoto wa mtaa wa Kayole au Umoja jijini Nairobi aliyempakata mbwa koko anaweza kuamka na vipele mikononi na tumboni. Habari njema: kwenye ngozi ya mtu hadumu. Mbwa akitibiwa, mwasho wa mtoto nao huisha.

• Oili chafu ya gereji, ile nyeusi wengine wanayowapaka mbwa kutibu upele, ni sumu. Huchoma ngozi yenye vidonda, na mbwa akijilamba huimeza.

• Ivamektini, dawa maarufu ya upele, ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani. Wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walitunukiwa Nobel mwaka 2015. Lakini hadhari! Dozi inayomponya mbwa wa kienyeji inaweza kumuua mbwa wa aina ya Collie, na hata baadhi ya German Shepherd. Jeni yao huiachia dawa ipenye hadi ubongoni.