Fahamu: Kwa nini programu hupeleka logi zake sehemu moja

Kila programu inayoendesha huduma, iwe ya benki au ya hospitali, huandika kinachotokea ndani yake: nani ameingia, ombi gani limekataliwa, diski imejaa saa ngapi. Maandishi hayo ndiyo logi. Programu nyingi hujiwekea mafaili yake zenyewe, na siku ya hitilafu msimamizi wa mitambo huyasaka moja baada ya jingine.

Katika miaka ya 1980, Eric Allman, mwandishi wa programu ya barua pepe ya Sendmail katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alibuni syslog. Programu huukabidhi ujumbe kwa huduma moja ya kompyuta nzima, nayo huamua uandikwe wapi au upelekwe seva ipi. Kila ujumbe hubeba namba ya uzito: 0 ni mfumo hautumiki kabisa, 3 ni kosa, 7 ni maelezo ya mafundi wanaosaka hitilafu. Hapa wengi huharibu. Kila kitu kikiitwa kosa, kosa la kweli halionekani.

Faida kubwa kuliko zote ni usalama. Mdukuzi akiingia hukimbilia kufuta logi. Nakala ikiwa imeshafika seva nyingine, hawezi kuifikia kirahisi. Lakini njia ya zamani, UDP kupitia poti 514, haina uthibitisho wa kupokelewa wala haifichi maandishi. Badala yake tumia TLS, njia inayoficha maandishi, kupitia poti 6514. Na nenosiri la mteja lisiandikwe kwenye logi kamwe.