Tumbo Linaposumbua Wakati wa Mfungo

Kila Kwaresima baadhi yetu huamua kufunga hadi jioni kwa siku nyingi mfululizo, si Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu pekee. Ni sadaka njema. Lakini baada ya siku chache huja kiungulia, gesi au choo kigumu, na sala yenyewe inakuwa ngumu.

Tumbo huendelea kutoa asidi hata likiwa tupu. Chai kali na kahawa huzidisha kiungulia. Hapa kwetu Kiwangwa nanasi halitafutwi mbali, na mwenye kiu hulianza kabla ya chochote. Nalo lina asidi. Tulile baada ya chakula. Hapo maji na nyuzinyuzi zake husaidia choo.

Tunapofungua, tuanze na maji na uji mwepesi, tupumzike kidogo, ndipo tule mlo taratibu. Kujaza tumbo kwa mara moja, hasa vya kukaanga, huleta kuvimbiwa. Maharage tuyaloweke usiku kucha na kumwaga maji yale, gesi itapungua. Tusilale kabla ya saa mbili au tatu kupita. Mchana tunywe maji: Kanisa halikatazi. Hata ile saa moja kabla ya Komunyo haivunjwi na maji wala dawa.

Tuwe waangalifu na dawa za maumivu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchubua tumbo, hasa zikimezwa bila chakula.

Mwenye vidonda vya tumbo au kisukari azungumze na daktari kabla ya kufunga. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au maumivu makali yasiyoachia, asisubiri jioni: akatishe mfungo na aende hospitali mara moja.

Wengine huficha dalili hizi wakidhani kula ni udhaifu wa imani. Sivyo. Sheria ya kufunga (kanuni ya 1252) inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na Kanisa halimdai mgonjwa afya yake. Paroko anaweza kumbadilishia mwamini toba hiyo kwa tendo jingine jema (kanuni ya 1245). Kumpelekea jirani mgonjwa chakula, na kuketi naye akila, nayo ni Kwaresima.