UKABILA HAUKUZALIWA KALOLENI

Hebu nianze na swali ambalo kila mkaaji wa Eastlands amewahi kuulizwa, iwe ni kwenye foleni ya maji, ndani ya matatu, ama siku ile anapotafuta chumba cha kupanga: "Kwani wewe ni wa wapi?" Ukijibu, "Mimi ni wa Jericho," muulizaji hucheka. "Wacha mchezo bwana. Kwenu ushago ni wapi?" Yaani, taja kabila. Ukishalitaja utaona uso wake umekunjuka ama umekunjamana, kulingana na jibu.

Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wengi wetu, hata baadhi ya wazazi, hudhani ya kwamba ukabila ni kitu mtu huzaliwa nacho, kama pua na masikio. La hasha! Kabila ndilo tunalozaliwa nalo, na halina ubaya wowote; nyimbo za nyanya yangu ni za kabila na ninazipenda mno. Ukabila wa siasa ni mtoto mwingine kabisa. Huyo alizaliwa, akanyonyeshwa na akalelewa, na walezi wake wana majina na tarehe. Ushahidi umejaa papa hapa mitaani kwetu, ila sisi huupita tukikimbilia basi.

Tuanzie Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jirani zake, Makongeni na Muthurwa, zilikuwa nyumba za watu wa reli. Watu walipata nyumba huko kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya kabila. Fundi kutoka Nyanza alipakana ukuta na karani kutoka Machakos, na watoto wao wakacheza mpira wa makaratasi pamoja. Ule ukumbi wa Kaloleni, ambao wengine wenu mnaujua kwa harusi na disko tu, wazee waliuita bunge la Waafrika, kwa maana bungeni kwenyewe hawakuwa na sauti.

Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi huo. Akasimama Makhan Singh, Singasinga mzaliwa wa Punjab, akadai kwamba Waingereza waondoke na nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru wao mara moja. Fikiria, ndugu msomaji! Mhindi, ndani ya Kaloleni, mbele ya Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba na Waluhya, akidai uhuru miaka 13 kabla haujapatikana. Tarehe 15 Mei alikamatwa, yeye pamoja na Fred Kubai, mwenzake katika muungano wa vyama vya wafanyakazi. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh aliwekwa kizuizini hadi mwaka wa 1961. Miaka 11!

Kwa nini mkoloni aliuogopa muungano ule kiasi hicho? Kwa sababu mshahara mdogo hauna kabila. Watu wakishaanza kuhesabu shilingi pamoja, huwezi kuwagombanisha kwa urahisi. Lazima kwanza uwatenganishe.

Na kweli walitenganishwa. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, maelfu ya askari na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Walipita mtaa hadi mtaa wakiwasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini. Mtaa wa Bahati ukazungushiwa seng'enge. Siku hiyo lile swali la "wewe ni wa wapi" liliulizwa kwa mtutu wa bunduki, na jibu ndilo lililoamua kama utalala kwako ama kambini.

Mwaka uliofuata, 1955, ukaja mtego wa pili, na huu haukuwa na kelele. Waafrika waliruhusiwa kuunda vyama vya siasa tena, lakini kwa wilaya tu. Chama cha nchi nzima kilikuwa marufuku. Sasa piga hesabu: wilaya nyingi zilikuwa zimechorwa kwa kufuata kabila. Chama cha wilaya kikawa, utake usitake, chama cha kabila. Kiongozi aliyetaka jina alilazimika kulitafuta kwa watu wa lugha yake peke yao. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1960, na KANU na KADU zilipoanza mwaka huo, viongozi wao walikuwa wameshazoea kusimama kila mtu juu ya kichuguu chake. Ninaona jambo hili halitiliwi mkazo wa kutosha katika vitabu vyetu vya historia. Sisi hukariri majina ya vyama kwa ajili ya mtihani, na ile sheria iliyovizaa tunaipita.

Hata hivyo, Eastlands ilikataa kufuata mstari. Katika uchaguzi wa Februari 1961, Tom Mboya aligombea kiti cha Nairobi Mashariki. Mboya alikuwa Mjaluo wa Rusinga aliyezaliwa katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, akakua akisikia Kikamba na Kikuyu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, na wapiga kura wengi wa eneo hilo walikuwa Wakikuyu. Kwa hesabu ya ukabila, Mboya alikuwa ameshindwa kabla ya kura kupigwa. Matokeo? Mboya alipata zaidi ya kura 30,000, na Waiyaki hakufikisha 3,000. Wapiga kura hao hawakuwa malaika. Walikuwa wanamjua Mboya kama mtu wa vyama vya wafanyakazi, aliyewatetea juu ya mishahara na nyumba. Walimpima kwa kazi yake.

Mboya aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969, katikati ya mji, katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Baada ya hapo uhasama kati ya jamii uliongezeka sana. Sitakaa hapo, babu zetu wakiulizwa hadi leo huinamisha kichwa.

Niruke hadi Kamukunji. Mwaka wa 1990 Kenya ilikuwa chini ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, kile kifungu cha 2A. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai kudai vyama vingi. Walikamatwa siku tatu kabla, lakini vijana walikwenda vivyo hivyo. Siku hiyo ya Saba Saba watu walipigwa na wengine wakauawa. Desemba 1991 kifungu kile kikafutwa. Walakini, serikali ilikuwa ikihubiri kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila, na kweli vita vikazuka katika Mkoa wa Bonde la Ufa mwaka huo wa 1991 na 1992. Ajabu ni kwamba tume iliyoundwa baadaye kuchunguza vita hivyo iligundua kuwa wanasiasa na baadhi ya maofisa wa serikali walikuwa na mkono ndani yake. Nyumba ilitiwa moto, halafu aliyewasha akawa wa kwanza kupiga kelele.

Sasa tufike mahali panaponigusa. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozua mzozo, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora zote zilionja. Watu walibadilishana nyumba: wa kabila hili wakahamia upande huu, wa kabila lile upande ule, na daraja ama kichochoro kikawa mpaka. Kodi ya nyumba iligeuka kuwa vita. Mpangaji aliyekuwa amechoshwa na mwenye ploti alipata mtu wa kumwambia kwamba adui yake ni kabila zima la mwenye ploti.

Mimi nilikuwa tumboni. Mama alikuwa na miezi sita. Genge la vijana lilipoingia kwenye ploti yetu, jirani wa mlango wa tatu, ambaye si wa kabila letu, alimwingiza mama chumbani kwake, akafunga kwa kufuli ya nje, kisha akaketi mlangoni akichambua sukuma wiki kana kwamba hakuna lolote. Walimuuliza kama chumbani kuna mtu. Akajibu kwa lugha yao kwamba mle mna magunia ya makaa tu. Mama hadi leo hutaniwa kwa jina la Gunia. Nilipomuuliza yule jirani kwa nini alijitia hatarini, alinishangaa. "Si mamako alikuwa na deni langu la unga?" Basi.

Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano chini ya upatanishi wa Kofi Annan. Kutokana nayo tulipata mambo mawili ambayo kila mwanafunzi anafaa kuyajua jinsi yanavyofanya kazi. La kwanza ni sheria ya utangamano ya 2008, inayokataza matamshi ya chuki, na kusema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. La pili ni Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010. Humo, chama cha siasa hakiruhusiwi kujengwa juu ya kabila wala dini. Mgombea urais hawezi kushinda kwa kura za kwao peke yake. Lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Umeona? Ni kinyume kabisa cha ile sheria ya 1955. Ile ilimlazimisha kiongozi abaki wilayani kwake. Hii inamlazimisha atoke.

Wanasiasa nao ni werevu. Badala ya kutafuta wananchi huko kwingine, wao hutafuta kigogo mmoja wa kila kabila, wakajumlisha, wakaiita hesabu hiyo umoja wa taifa. Sheria huweza kufunga mlango, lakini dirisha linabaki.

Dirisha hilo vijana wa hapa wamejaribu kulifunga kwa njia zao. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka wa 1987. Kanuni yake moja inanifurahisha kupita zote: timu haipati pointi kwa kushinda mechi peke yake, hupewa pointi pia kwa kusafisha mitaro na kuondoa takataka mtaani. Hebu jaribu kukataa pasi ya mtu kwa sababu ya kabila lake wakati jana mlishika toroli moja ya uchafu! Timu iliyotoka humo, Mathare United, ilichukua ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008, mwaka ule ule mtaa ulipochomwa.

Na tusisahau lugha. Mwalimu mlezi wa chama chetu ataniwia radhi, lakini Sheng ilikuzwa na watoto wa mitaa hii waliokuwa na lugha tofauti nyumbani na uwanja mmoja wa kuchezea. Sisemi tuiandike kwenye insha. Nasema tu kwamba mtu akinisalimia kwa Sheng, sijui ushago wake, na sina haja ya kujua.

Halafu ukaja Juni 2024. Vijana wa rika la dada zetu waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha mbalimbali za Kenya, wakamiminika barabarani wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Bunge liliupitisha tarehe 25 Juni, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Gharama yake ilikuwa kubwa: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa katika maandamano ya miezi ile kuwa watu 60 na zaidi. Wengine hulaumu kwamba vijana wale hawakuwa na mpango. Labda. Lakini kwa mara ya kwanza nilimsikia baba akibishana juu ya kodi ya mkate bila kuuliza aliyeipendekeza ni wa wapi.

Kwa Katiba, uchaguzi mkuu baada ya ule wa 2022 ni wa Agosti 2027. Tulio kidato cha nne leo tutakuwa tumefikisha miaka 18. Ndiyo sababu muhula uliopita wanne kati yetu tuliamua kufanya mazoezi mapema. Sote tulikuwa tumeomba basari katika afisi moja ambayo sitaitaja, na sote tukakosa. Kila mmoja alirudi na maelezo kutoka nyumbani: "Hizo ni za watu wa kabila fulani." Ila, kwa kuwa sisi wanne ni wa makabila matatu, kila nyumba ilitaja kabila tofauti! Tukaandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa afisi siku 21 za kujibu. Tuliomba orodha ya waliofaulu.

Siku ya 19 ilibandikwa ukutani. Tuliisoma kwa vidole. Hapakuwa na kabila lililojaza karatasi ile, yote yalikuwamo. Kilichojirudia ni majina machache ya ukoo, watatu watatu, wanne wanne, na mawili kati ya hayo tuliyakuta pia kwenye milango ya afisi hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Barua ya pili tumeshaipeleka, ikiwa na sahihi 31, na leo ninapoandika haya ni siku ya saba.