Fahamu: Kwa nini msanii aliyenasa kwenye unga hastahili kusimangwa

Vijana wa bodaboda hapa Ruangwa wakitumiana picha ya msanii aliyekonda, hukumu hutoka papo hapo: "Kajitakia." Mwaka 2012 maneno ya aina hiyo yalimwangukia Ray C, yaani Rehema Chalamila, mwimbaji wa Bongo Fleva aliyekuwa amenasa kwenye unga (heroini). Rais Jakaya Kikwete alimsaidia kupata matibabu, naye akaanza kutumia methadoni.

Hiyo ni dawa ya kunywa. Mgonjwa huenda kliniki kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na arosto, yale mateso ya kukosa heroini, hutulia. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Matibabu huweza kuchukua miaka, na wengi huteleza njiani kabla ya kusimama tena, kwa sababu uraibu ni ugonjwa. Mara nyingi sonona huandamana nao.

Kinachoniuma zaidi ni kijana wa jirani, asiye na jina wala Rais wa kumshika mkono. Akiona staa anavyosimangwa, naye atajificha, na ugonjwa utammaliza akiwa peke yake. Ukitumiwa picha ya namna hiyo, tafadhali usiisambaze.