Fromaji ya Masisi, Samaki ya Lowa na Bei ya Mgongo

Wandugu, mgeni mmoja kutoka Ulaya alitusimulia likizo yake. Alipanda milima, akatembea msituni siku mbili na mfuko mgongoni, jioni akakula fromaji na mkate mbele ya moto. Na kwa hiyo yote alilipa pesa mingi! Tulicheka. Mlima tuko nao. Msitu tuko nao. Hata fromaji tuko nayo.

Ukiacha Sake na kupanda Mushaki, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na vilima vyote ni majani mafupi na ng'ombe. Wazungu walipaita Uswisi ya Afrika. Hawakukosea sana, ila udongo wa njia ya Rubaya wakati wa mvua, ule unaomeza buti mpaka goti, sijui kama Uswisi wako nao. Wazee wanasema fromaji ililetwa na mapadri Wabelgiji miaka ya 1970. Leo wanaoitengeneza ni watu wa kwetu, ndani ya nyumba za mbao: maziwa yanapashwa moto kwa kuni, yanagandishwa, yanakamuliwa maji, yanabanwa, yanatiwa chumvi, kisha duara inalala juu ya mbao mpaka ikauke na kuwa njano. Haiombi frigo. Sisi tuliikula na viazi vilivyotoka kwenye majivu, asubuhi, ukungu ukiwa bado chini yetu. Ilikuwa tamu, tusidanganye mtu.

Lakini uliza mchimbaji wa Rubaya ameonja fromaji mara ngapi. Kilima kinalisha ng'ombe juu na kutoa koltani chini, na yeye anakula bugari na maharagi ya mkopo. Duara zinashuka Goma, na kabla ya 2025 zingine zilikuwa zinapanda ndege mpaka Kinshasa.

Walikale ni dunia nyingine. Unashuka, joto linakupokea, na msitu unafunga pande zote. Huko ni bugari ya muhogo, sombe na mafuta ya ngazi, na samaki ya mto Lowa waliofungwa ndani ya majani na kuchomwa. Ukifungua yale majani, harufu yake inaita hata mtu aliyeshiba. Mwenzetu mmoja aliomba sahani ya tatu, na mama aliyepika akamuuliza kama chama chetu hakimlishi.

Kisha tulifika Njingala, pale njia ya Bisie ilipoingia msituni. Tangu kasiterite ilipoonekana kule, karibu 2002, watu walitembea kilometa zaidi ya 40, siku mbili, na wabebaji walirudi na kilo 50 mgongoni. Sisi tulibeba daftari tu, na bado siafu na mizizi vilitushinda. Mbebaji mmoja alitufundisha kula kwanga kidogo kidogo huku tukitembea, maana ukikaa chini miguu inakataa kuamka. Kule juu chupa ya bia ilikuwa na bei ya ajabu. Ilikuwa imetembea siku mbili kama sisi; tulilipa bei ya mgongo.

Na hapo ndipo chakula kinageuka kuwa kamba. Kwenye shimo moja tulikuta kijana aliyefanya kazi miezi mingi, na siku ya hesabu akaambiwa yeye ndiye anayedaiwa: mchele, ndagala, sabuni, sigara. Daftari lilikuwa moja tu, na lilikaa kwa mwenye shimo. Serikali ilipofunga uchimbaji Septemba 2010 mpaka Machi 2011, kazi ilisimama, madeni hayakusimama. Tangu siku hizo tunaomba mambo mawili: bei ya chakula iandikwe kwenye ukuta wa kambi, na daftari ziwe mbili, moja ikae kwa mchimbaji. Leo Bisie iko na kiwanda na mashine, lakini kwenye mashimo mengi ya mkono daftari bado ni moja.

Barabara ile vita imeikata mara nyingi tangu M23 ilipoamka tena 2021. Machi 2025 risasi zilifika Walikale-centre. Yule mama wa samaki hatujapata habari zake.

Kama fromaji inakufikia huko uliko, bonyeza duara kwa kidole kabla ya kulipa. Ikirudisha kidole, nunua. Ikitoa maji, acha hapo.